Milioni Moja na Moja Kwenye Harusi ya Furaha

"Binti, ulishindwa kwenda namba moja tu mbele?" Niliulizwa hivyo kwenye harusi ya mdogo wangu Furaha, kule Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi, kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu, na hadi leo nikikumbuka natafuta pa kuuficha uso.

Chanzo ni uvivu wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo Mbarara, mtu wa kuuliza "kwa nini" hata katikati ya maombi, na kama dada wa bibi harusi nilitakiwa kutoa neno la baraka kabla mama mkwe wa Furaha hajaombea chakula. Mistari ya Biblia niliona wote watasoma ileile, basi nikaamua kutoa namba. Nikachagua milioni moja na moja, nikaigawa kwa namba tasa (zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe), tatu, saba, kumi na moja, nikaenda hadi tisini na saba, kila mara kinabaki kitu, mkono ukauma, nikasema imetosha, hii haigawanyiki.

"Furaha na mume wake ni kama milioni moja na moja," nikatangaza. "Hakuna namba ya kuwagawa."

Vigelegele vikapigwa. Hapo baba mkwe wa Furaha, aliyefundisha hesabu tangu kwao Kivu Kusini (na hilo nililijua, sijui nililisahau wapi), akainuka taratibu na soda yake.

"Mia moja na moja inaigawa. Inatoka elfu tisa mia tisa na moja."

Kisha akaniuliza lile swali, maana ukitoka tisini na saba, namba tasa inayofuata ndiyo hiyo mia moja na moja.

Watu wakacheka, ila mama mkwe hakucheka. Tangu posa alihofia kwamba sisi wasomi tutamdharau mwanawe, fundi baiskeli wa Juru. Akakaza kitenge chake, akabaki kwenye kiti.

"Ameshagawanya ndoa ya mutoto wangu. Sasa mimi niombe nini?"

Bila maombi yake hakuna sufuria inayofunuliwa, na mdogo wangu angeingia nyumba ya watu akiwa na kinyongo cha mkwe. Mimi siamini mikosi, lakini niliogopa, na badala ya kunyamaza nikasema, "Basi tuchukue elfu moja na moja."

"Saba," akasema Mwalimu, safari hii bila hata kusimama.

"Yaya, ikala chini," Furaha akaninong'oneza mimi dada yake mkubwa kutoka ndani ya shela. "Utatumalizia namba zote."

Sikuketi. "Mama, nisamehe," nikamwambia mkwe wake. "Sikumaliza kuhesabu. Nilichoka."

"Ulichoka? Na masomo yote ile?"

"Nilichoka, mama."

Akaniangalia, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Kumbe nanyi munachokaka. Mimi niliwaza tumeoa kwa malaika." Akasimama, akafumba macho. "Mungu, uunganishe hawa batoto, na usibaweke mu hesabu ya huyu dada yabo."

Amina ile ilisikika hadi barabarani.

Tangu siku hiyo nikipewa nafasi ya kusema harusini, nasoma mstari kama wengine. Ila miaka mingi baadaye, nikiwa nimepanga chumba Nyamitanga, niliichukua ile elfu tisa mia tisa na moja, nikaijaribu bila kuacha njiani. Haigawanyiki. Mia moja na moja nayo haigawanyiki. Milioni moja na moja ni namba mbili tu zilizokutana, kila moja ngumu kivyake.