Kamba ya Moss

Katika hifadhi moja ya mkoa kaskazini mwa Auckland, ambamo kondoo walilishwa na watu walitembeza mbwa wao, wengi walimwogopa Noeline Tregidga kwa ulimi wake. Alikuwa na miaka sabini na moja, thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye mabanda ya kukatia kondoo manyoya. Kila asubuhi alikuja na Moss, mbwa mzee mwenye jicho moja bovu, amefungwa kamba. Aliyeacha kinyesi cha mbwa wake njiani alikaripiwa mpaka arudi kukizoa.

Asubuhi moja ya Agosti, kondoo wakiwa wanazaa, alikutana na mwanamume aliyeachia jibwa lake jekundu likimbie huru.

"Mfunge mbwa wako."

"Hana neno, mama. Anacheza tu."

"Kondoo anajua kwamba anacheza?"

"Shughulika na kikongwe chako hicho."

Hata hajamaliza kucheka, jibwa likawaona kondoo. Lilimtupa jike mmoja mtaroni na kumng'ata mtoto wake. Yule bwana akapiga mluzi, akalikamata, akaondoka na gari lake la kijivu bila kugeuka.

Noeline akamfungua Moss, akamwambia alale. Moss akalala. Noeline akatelemka mtaroni, maji mpaka magotini, akamzungushia kondoo kamba kifuani.

Hapo ndipo alipofika Hemi, mlinzi wa hifadhi. Akaona mwanakondoo anatokwa damu, na mbwa asiye na kamba.

"Noeline. Wewe, katika watu wote?"

"Mimi nini?"

"Mbwa wako hana kamba."

"Kamba hii hapa, imemfunga kondoo wako. Shika upande huo uvute, lawama baadaye."

Walivuta pamoja. Jike akatoka akitetemeka. Mtoto alikuwa ameshakufa. Hemi akamfunua Moss mdomo: meno manne, hata unyoya mmoja wa kondoo hakuna.

"Gari la kijivu," Noeline alisema. "Mlangoni lina picha ya kopo la rangi."

Mwenye gari alipatikana, akakana. Akasema aliyeua ni mbwa wa yule bibi. Halmashauri haikutaka ugomvi; ikafunga geti la hifadhi kwa mbwa wote mpaka Desemba. Getini watu wakaanza kumnyooshea Noeline kidole, na mama mmoja aliyewahi kukaripiwa akamwambia, "Umetuponza sote, wewe na midomo yako."

"Na wewe bado hujarudi kukizoa kile kinyesi," Noeline akamjibu, akapita.

Tangu siku hiyo akawa anamtembeza Moss kando ya barabara, nje ya ua, malori yakiwarushia tope. Daktari wa mifugo alikwisha kumwambia kwamba Moss hataiona Desemba.

Wiki ya pili Hemi akaja kwake, kofia mkononi.

"Najua si Moss."

"Umewaambia halmashauri?"

"Nimewaambia."

"Umeandika kwenye ripoti, au ulisema tu?"

"Nilisema tu." Noeline akafunga mlango.