Popi Alivyoingia Sokoni Nusu Kipara

Cheka sasa hivi umalize, maana ukinichekea katikati nitakurushia kandambili. Mimi ndiye yule aliyemkimbiza mbwa nusu kipara soko zima la Kashaulili, na hasira bado ninazo.

Popi ni mbwa wa shangazi, manyoya marefu kama kapeti. Shangazi ana saluni ya kusuka jirani na soko hilo, na likizo huwa nakaa kwake (kwetu Katumba likizo ni jembe tu). Alipokwenda msibani Ikola wiki mbili alisema, "Mchane kila siku. Nikikuta fundo hata moja, unarudi Katumba kulima." Nikamchana siku moja. Moja!

Siku anayorudi nikamshika Popi nyuma ya masikio na kwapani: mafundo magumu kama magunzi. Akili yangu ya saluni ikaniambia, si wateja huoshwa kwanza ndipo wachanwe? Nikamtia kwenye beseni, sabuni ya unga, nikasugua, nikakausha kwa draya. Weee! Mafundo yakakaza kama ngozi ya ngoma. Nikivuta chanuo, Popi analia. Nikivuta tena, ananionyesha meno.

Nikampeleka kwa kinyozi wa jirani. "Dogo, umeniletea mbwa au mkeka?" Watu mbavu hawana. Akawasha mashine, akamaliza upande wa kushoto, kulia ikanasa kwenye fundo, Popi akaruka, huyooo sokoni, kushoto kipara, kulia rasta, akapita juu ya dagaa za mama mmoja, nami nyuma na kandambili moja, na wajinga wa darasa langu, nao wamekuja mjini likizo, wanapiga video badala ya kumshika! (Nawajua. Shule ikifunguliwa tutaonana.)

Aliyemshika ni shangazi, ndiyo kwanza anashuka kwenye basi.

Hakunigombeza. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akachomeka chanuo kwenye afro yangu ya likizo, kwenye mashina kabisa, akavuta. Nikapiga yowe.

"Vumilia, baba. Mwenzako kavumilia wiki mbili."

Kisha akainua mguu wa Popi: kwapani pamechubuka, pekundu. Mafundo yaliyobaki akayapaka mafuta, akayachambua kwa vidole kuanzia nchani, taratibu, na Popi akatulia tuli.

Naandika haya Katumba, mikono imejaa malengelenge. Lakini jembe silo linaloniudhi. Siku ya kuondoka nilimwita Popi nimuage, akajificha nyuma ya miguu ya shangazi. Nikipewa mbwa tena, chanuo kwanza, maji baadaye, kila siku iendayo kwa Mungu. Kama nitapewa.