Gramu na Kipimo Alichokitaka Mwenyewe

Fundi mizani huyu walimpachika jina la Gramu wenye maduka, na hawakumwonea. Alikuwa tayari kugombana na mtu asubuhi nzima kwa ajili ya gramu tatu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye meza ya mbao iliyojaa springi, tupa, chupa ya mafuta mepesi na mawe ya shaba ya kupimia aliyoyafunga kwa kitambaa laini kama mayai. Mwenye duka akileta mizani inayoiba, Gramu aliifungua, akaisafisha, akairudisha ikisema kweli. Akiombwa ailegeze kidogo, "kidogo tu fundi, biashara ngumu," alimwonyesha mlango. "Mizani haina shemeji," alikuwa akisema, na alijisikia vizuri sana akisema hivyo.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hadanganyiki. Lakini sisi binadamu tunapima vya wenzetu.

Miaka kumi na mitatu kabla ya mambo haya, mke wake alimwacha baada ya ndoa ya miaka sita bila mtoto, na aliondoka akisema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili kwamba tatizo si lake. Neno mgumba lilimfuata Gramu sokoni mpaka kwenye kibanda cha chai. Baadaye alianza urafiki na mwanamke mmoja aliyefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Urafiki wenyewe haukufika miezi minne, wakagombana, kila mtu akashika njia yake. Miezi ikapita, akasikia yule mwanamke ana mimba. Gramu akahesabu kwa vidole, akavirudia vidole vilevile, hesabu ikakubali kwa kusukumwa kidogo. Mizani za wenzake hakuwahi kuzisukuma hivyo.

Wanaume wengine hukokotwa na askari mpaka ofisi ya ustawi wa jamii. Gramu alijipeleka. Alivaa shati jeupe, akaingia, akamwambia ofisa, "Mimi ndiye baba, naomba mniandikie nilipe." Ofisa karibu aanguke kitini. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona mlipaji aliyekuja bila kuitwa. Akamwandikia kiasi cha kila mwezi, akamfungulia mama akaunti benki, na tangu siku hiyo Gramu hakukosa mwezi hata mmoja, hata mwaka ule soko lilipoungua na mizani zote zikayeyuka.

Mtoto alizaliwa wa kike. Alipoanza kushika vitu alishika kijiko akakataa kukiachia, akalala nacho, akaogeshwa nacho, na jina likamganda: Kijiko. Mama yake akawa Mama Kijiko. Kila Jumamosi mchana Gramu alifunga karakana, akaenda kukaa na mtoto wakati mama yuko kazini. Walifanya hesabu, walitembea, walibishana. Kijiko alikuwa mbishi kupita kiasi, na Gramu alimsifia kwa wateja wote. "Ubishi ule ni wangu mtupu," alisema. "Damu ni damu!"

Basi Kijiko alipofika darasa la sita, shule ikataka cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mtihani. Gramu akakishika kile cheti kwa mara ya kwanza, akaona mahali pa jina la baba pako wazi, peupe kabisa. Aliona haya kana kwamba kamkuta mtoto nje bila nguo.

"Pajazwe," alisema.

"Paache wazi," alijibu Mama Kijiko. "Miaka yote pako wazi na mtoto anakua."

"Pajazwe kwa jina langu!"

Ofisi ya vyeti ikasema kwa kuwa hawakuoana na miaka imepita, walete majibu ya kipimo cha vinasaba. Mtu mwingine angesita. Gramu alifurahi. Kipimo? Mletee samaki maji! Mama Kijiko alimtazama kwa muda, pasi mkononi, akasema, "Kama unataka kujua, basi jua," akampeleka mtoto akachukuliwe mate.

Majibu yalikuwa karatasi moja. Gramu aliisoma akiwa amesimama kwenye kaunta ya maabara, akaisoma tena, akageuza nyuma kuangalia kama kuna kingine kilichoandikwa. Uwezekano wa yeye kuwa baba ulikuwa sifuri. Si kidogo, si nusu. Sifuri. Sauti ya kwanza iliyomtoka ilikuwa ya kazini.

"Hiyo mashine yenu imekaguliwa lini?"

"Mzee, mashine ni nzima," alisema binti wa maabara kwa upole. "Tulirudia mara mbili."

Alifika nyumbani bila kujua amepita njia gani. Siku tatu hakufungua karakana. Wateja walikuja kumpa pole kama mfiwa, na muuza chai mmoja mwenye nia njema akamfariji, "Kitanda hakizai haramu, ndugu yangu." Dada yake mkubwa, muuza mitumba mwenye ulimi usiolala, alimrukia yule muuza chai. "Kitanda kipi? Hawa hawakununua hata mkeka!" Kisha akamgeukia mdogo wake. "Wewe kaka, umenyonywa miaka kumi na mmoja. Nenda mahakamani. Arudishe kila alichokula!"

Gramu alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu akipewa fimbo haulizi ya nini. Alifungua kesi. Jumamosi ya kwanza hakwenda kwa Kijiko, kwa sababu alikuwa na hasira. Ya pili hakwenda kwa sababu hakwenda ya kwanza. Usiku alijiambia anataka pesa yake tu, lakini mimi nawaambia mtu yule hakutaka pesa. Alitaka mtu mmoja, yeyote, asimame aseme amemtendea ubaya, ili apate pa kuuweka ule uzito. Na alimtaka mtoto wake, ambaye karatasi ilisema si wake.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa kujivuta. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, jalada la zamani la ustawi wa jamii mbele yake. Alisoma polepole, kisha akasita, akarudi ukurasa mmoja nyuma.

"Mdai," alisema, "sheria inakuruhusu kudai ulicholipa kama ulidanganywa. Nani alikudanganya?"

"Huyo hapo, mheshimiwa," Gramu alimwonyesha Mama Kijiko.

"Alikwambia mtoto ni wako?"

Gramu alifungua mdomo. Alitafuta siku ambayo Mama Kijiko alimwambia hivyo, akaikosa, akatafuta tena. Miaka kumi na mmoja yote, aliipekua kama droo, na siku hiyo haikuwemo.

"Ngoja nikusomee," alisema hakimu. "Tarehe ya maombi. 'Mama ameitwa. Amesema mtoto si wa mwombaji, na amemwambia hivyo mara mbili. Mwombaji amecheka, akasema mama ana hasira za kuachana. Mwombaji amesisitiza kulipa kwa hiari.' Hii hapa ni sahihi yako?"

Ilikuwa sahihi yake, na mkia wake mrefu wa majivuno. Sasa alikumbuka! Alikumbuka ofisa akicheka naye, alikumbuka yule mwanamke ameketi na tumbo lake, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si wako." Alilisikia siku ile kama watu wanavyosikia matusi ya ugomvi, yaani hakulisikia. Watu wote nyuma waliinama kuangalia viatu vyao. Hata dada yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mahakama haiwezi kumlipisha mtu kwa uongo ambao hakuusema," alisema hakimu. "Dai limetupwa."

Nje kwenye korido, Gramu aliegemea ukuta. Mama Kijiko alimfuata, akafungua mkoba, akatoa kitabu cha benki ambacho jalada lake halikuwa na hata mkunjo.

"Twende benki," alisema. "Naingia kazini saa nane."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua pesa yako. Iko yote."

Alikifungua kitabu. Kurasa zilikuwa na upande mmoja tu, wa kuingiza. Mwezi juu ya mwezi, mwaka juu ya mwaka, hata mwaka wa moto wa soko. Upande wa kutoa ulikuwa mtupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Dada yake Gramu alichungulia juu ya bega lake, akashika kifua.

"Hujala hata senti?" Gramu aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Ningekulaje? Nilikwambia si wako, ukaleta. Nikaenda kule ofisini wasipokee, wakasema mwanaume analipa mwenyewe nawe unakataa, una wazimu? Nikaiacha ikae."

"Na mlangoni? Mbona hukunizuia mlangoni?"

Mama Kijiko alifunga mkoba kwanza. "Alikuwa anatambaa," alisema. "Akisikia sauti yako anatambaa mpaka kwenye kizingiti. Pesa yako sikuitaka, baba. Lakini mtu anayempenda mwanangu nimfukuze kwa kosa gani?"

Walikwenda benki. Karani alipiga mihuri miwili, na miaka kumi na mmoja ikahama kutoka kitabu kimoja kwenda kingine katika dakika kumi. Dada alipiga vigelegele barabarani mpaka watu wakageuka. Gramu hakusikia. Alikuwa akipiga hesabu: sare za Kijiko, viatu vyake, daftari, uji wake wa asubuhi, vyote vilitoka kwenye mashuka ya hoteli. Katika mwili wote wa mtoto yule hapakuwa na hata punje aliyoilipia yeye. Alikuwa amerudishiwa kila alichodai, na hakuna aliyewahi kunyang'anywa kama yeye siku ile.

Jumamosi ilipofika alifunga karakana mchana. Miguu ndiyo iliyoamua. Ile ilikuwa Jumamosi ya nane tangu majibu, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mtoto wa miaka kumi na mmoja kitu ambacho mtu wa miaka hamsini alikuwa hajakimeza.

"Hodi."

"Nani?"

Zamani jibu lake lilikuwa neno moja, "Baba," na alilisema kwa kelele ili majirani wasikie. Leo hakulitumia.

"Mimi," alisema.

Mlango ulifunguliwa. Kijiko alikuwa na kalamu sikioni na wino kidevuni. Hakutabasamu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kijiko, kuna jambo. Kile kipimo tulichopima, kilisema..."

"Najua."

"Mama alikwambia wiki hii?"

"Aliniambia nikiwa darasa la tatu. Nilimuuliza mbona kwenye cheti baba hayupo."

Gramu alishika mwimo wa mlango. Darasa la tatu. Miaka mitatu ya Jumamosi, hesabu za kugawanya, matembezi, mabishano, na mtoto huyu alikuwa akimfungulia mlango huku anajua.

"Mbona hukuniambia?"

Kijiko alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa mbona hakusema jua linawaka.

"Nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani unajua, ila unakuja tu."

Gramu alipigwa na butwaa kuliko siku ya maabara, kuliko siku ya mahakama. Aibu ilimpanda kutoka unyayoni. Mtoto alikuwa amemdhania mtu mkubwa kuliko alivyo, miaka mitatu nzima, na yeye siku aliyoujua ukweli kitu cha kwanza alikimbilia kudai arudishiwe.

"Kwa hiyo sasa umejua," Kijiko aliuliza, akiangalia kidole chake cha mguu, "huji tena?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yameyeyuka. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Sasa najua," alisema. "Na nimekuja."

Kijiko alilipima jibu hilo kwa muda mrefu, uso umekunjamana, mbishi vilevile.

"Basi ingia," alisema mwishowe. "Unaingiza nzi."