Nyoka Aliyekataa Kula Mtaani Jamhuri

Mwanamke aliyenifundisha kufuga nyoka ni mwalimu mstaafu wa baiolojia anayeishi mtaa wa Muthangari. Siku niliyomtembelea mara ya kwanza alinifungulia lango akiwa na unga wa chapati hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa kutisha, naye akanikalisha, akanipa chai na chapati moto, akaniuliza habari za kazi. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba anamofugia nyoka wake, na hapo ndipo nilipoanza kucheka. Kilikuwa kile kicheko cha kanisani, ambacho ukikizuia ndivyo kinavyozidi.

Macho yangu yaliangukia chatu mchanga, mwenye mabaka mazuri kama kitenge kipya.

"Huyu," nikasema. "Nampenda huyu."

"Kila mtu humpenda huyo. Unaishi wapi?"

"Mtaa wa Jamhuri. Kwa mamangu."

"Na mamako anajua?"

Nikajifanya nimezama katika kumtazama chatu.

"Basi huyo hapana," akasema. "Akikua atataka chumba chako, halafu atataka na cha mamako."

Akavuta kisanduku cha plastiki na kutoa nyoka wa kahawia, mwembamba kama penseli. Alisema huyo ni nyoka wa nyumbani, anaitwa hivyo kwa kuwa huingia majumbani kufuata panya. Hana sumu, hakui sana, na humvumilia mtu anayejifunza. Akanionyesha jinsi ya kumkagua: macho yawe maangavu, ngozi iwe safi bila vidudu, mwili uwe umejaa. Halafu akaniwekea mikononi.

Nilidhani atateleza kama sabuni iliyoloa. Kumbe alikuwa mkavu, laini, na alipita katikati ya vidole vyangu kana kwamba mkono wangu ni njia anayoijua. Ulimi wake ukanigusa kidole gumba. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

"Nimchukue leo?"

"Nyumba kwanza. Upande mmoja uwe na joto, mwingine uwe na ubaridi, mfuniko ufunge vizuri. Na uombe kibali cha kufuga; kikitoka, uje."

Kibali cha kufuga kilijivuta, lakini kikatoka. Mwalimu alikuwa ameniambia kisanduku kidogo kinatosha. Mimi nikaenda kwa fundi wa vioo katikati ya jiji na kuagiza jumba la kioo. Saa ya lanchi nikaenda kulichukua, nikatembea nalo barabarani nimelikumbatia kifuani, nikichungulia kwa pembeni nisigonge watu. Mchuuzi wa soksi akanizuia.

"Madam, hiyo ni ya samaki?"

"Ya nyoka."

"Ya nani?"

"Nyoka."

Akaruka nyuma na soksi zake zote. "Pisheni madam! Watu wangu, pisheni madam apite!"

Na watu wakapisha kweli, wasijue hata ni kwa nini. Sijawahi kupata nafasi kama ile mjini saa saba mchana. Nilipita katikati yao kama bibi harusi, nikijing'ata midomo nisiangue kicheko.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Mamangu ni mzaliwa wa Kitui, alistaafu kazi ya serikali, anaimba kwaya, na namwita Mwaitu kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. Alilitazama lile jumba la kioo mezani.

"Mwaitu, keti kwanza," nikasema.

"Mimi nikiambiwa niketi, huwa ni kifo ama mimba."

"Si kifo."

"Asante Yesu!" Akapiga makofi, akainuka kunikumbatia.

"Ni nyoka, Mwaitu."

Mikono yake ikabaki hewani. Akaketi tena polepole. "Yaani hata mimba si heri?"

Tulibishana siku kadhaa. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: nyoka abaki chumbani kwangu, na yeye hatakanyaga humo.

Nikamleta nyoka. Nilikuwa nimeweka mkeka wa umeme wa kupasha joto chini ya upande mmoja, bakuli la maji, na gome moja zuri la mti kwa urembo. Nikamwacha atulie bila kumshika, kama nilivyoagizwa. Kisha nikamwekea kitoto cha panya kilichotolewa kwenye barafu na kupashwa joto kwa maji. Hakukigusa. Nikajaribu tena baada ya siku chache. Hakukigusa.

"Amekula?" Mwaitu akauliza kutoka kwenye korido.

"Bado."

Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Asubuhi moja hakuuliza. Nilisikia kitasa kikizunguka, na kichwa chake chenye kitambaa kikaingia, kisha shingo, kisha Mwaitu mzima.

"Kumbe ni kadogo hivi? Si ulisema nyoka? Haka si ni kamba ya kiatu!" Akainama kidogo. "Na umekaweka katikati ya uwanja. Hata mimi siwezi kula watu wakinitolea macho."

Nikampigia mwalimu simu, nikaweka spika Mwaitu asikie.

"Mamako amesema kweli," mwalimu akajibu. "Hilo jumba ni kubwa, anaogopa. Lijaze vitu. Mpe maficho mawili, upande wa joto na upande wa baridi, na ufunike kioo pande tatu."

Mwaitu alikuwa ameshatoka. Alirudi na nusu mbili za chungu kilichovunjika, maboksi, na leso zake mbili. Tulikata, tukapanga, tukafunika, yeye akiniamuru kutoka mbali: sogeza hapo, acha mlango, usimbane.

Jioni ya siku iliyofuata tukaweka chakula mdomoni mwa chungu na kurudi nyuma. Tukangoja tumeshikana mikono. Kichwa kikachungulia. Ulimi ukaonja hewa. Halafu, pap! Akakidaka, akakizungushia mwili, akaanza kumeza.

Mwaitu alipiga yowe, na yowe likageuka kuwa vigelegele vilivyosikika mtaa mzima. Jirani akabisha mlango mbio mbio.

"Mko na sherehe?"

"Amekula!" Mwaitu akasema, akifuta machozi.

"Nani?"

Tukatazamana, tukaangua kicheko.

Wiki iliyofuata nilimtoa kwa mara ya kwanza, nikaketi naye sebuleni. Mwaitu alitutazama kitambo, akapandisha mikono ya sweta yake, akaninyooshea viganja.

"Nipe," akasema. "Lakini wewe ushike upande wa kichwa."