Pedi ya sponji niliyoichagua kwa kidole gumba, garage ya Mamboleo

Wakuu, habari za wikendi.

Nimeona mtu humu anauliza anunue pedi gani za sponji kwa mashine yake ya polish, nyekundu au nyeusi, nikacheka peke yangu. Ngoja nimjibu kwa kisa changu. Sitatia chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mamboleo, pembeni mwa Kisumu. Kulikuwa na garage ya mpiga rangi mmoja, tumwite Mzee Ouma. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye kona ya uwanja wake, nashona viti vya magari. Nimezaliwa Katito, kwa hiyo wote pale waliniita Nyar Katito, binti wa Katito. Jina langu sidhani kama walilijua.

Kushona nilikuwa najua. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye rangi. Nikisikia tu ile mashine ya polish inaanza kulia, mguu unatoka wenyewe kwenye pedali. Mzee Ouma alikuwa ananifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Sasa Alhamisi moja mwalimu mstaafu akaleta Peugeot yake nyeusi. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka bibi harusi afike kanisani na gari la babake mwenyewe, si la kuazima.

Rangi ilikuwa imepauka. Mzee Ouma akaipiga rubbing, ile dawa nzito ya kusugua, kwa pedi ya manyoya. Pale kwetu siku hizo pedi ilikuwa hiyo hiyo ya manyoya, hatukujua nyingine.

Kivulini gari lilipendeza. Tukalisukuma juani, wakuu, nikamhurumia mzee. Boneti nzima ilikuwa miviringo mitupu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Gari jeupe lingeficha. Jeusi halifichi kitu.

Akajaribu kurudia kwenye ukingo wa mlango. Haikuchukua muda, praima ya kijivu, ile rangi ya chini, ikachungulia. Akazima mashine. Kale kadoa kangerekebishwa kwa brashi, lakini rangi iliyobaki ilikuwa nyembamba, na msimu ule mvua ilinyesha kila jioni, ukipiga upya isingekauka kabla ya Jumamosi.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo manyoya ndiyo inakwaruza. Nipe nijaribu sponji."

"Nyar Katito, hii si kiti. Unataka kuweka godoro kwa gari ya mtu?"

"Nipe kwanza ile mlango ya zamani imetupwa pale ukutani. Ikikataa, nitaacha."

Akanitazama sana. "Sawa. Lakini ukichoma gari ya Mwalimu, utafute garage ingine. Sitaki kukuona hapa."

Nilikuwa na watoto wawili na ile kona ndiyo iliyotulisha. Niliogopa, sikatai. Lakini kurudi kwenye cherehani na kunyamaza niliona ni vibaya zaidi.

Kosa langu la kwanza ndilo wengi mtakalolifanya. Nilichukua sponji laini kuliko zote, nene, ile ya mito ya makochi. Nilifikiri laini ndiyo haiumizi rangi. Nikaikata duara, nikaishonea turubai nyuma na kamba ya kukaza kwenye sahani ya mashine. Ikanywa dawa yote, ikaanza kurukaruka, ikachanika. Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mlango wa majaribio ulibaki na miviringo yake yote.

Kosa la pili, nikakimbilia ngumu. Ile ya magodoro ya bei rahisi, vipande vilivyogandishwa pamoja. Hiyo usiiguse kabisa! Kila kipande kina ugumu wake na ndani mna takataka. Ilikwaruza kuliko manyoya.

Basi nikakaa chini na mabaki yangu yote ya sponji, nikafanya kile ninachofanya nikichagua ya kiti cha dereva. Nafumba macho, nabonyeza kwa kidole gumba, naachilia. Inayozama na kuchelewa kurudi, kando. Inayokataa kuzama, kando. Nilitaka inayozama kidogo na kurudi papo hapo, yenye vitundu vidogo vinavyolingana.

Niliipata kwenye kipande kilichobaki cha kiti cha lori. Nikaikata unene wa vidole viwili. Halafu nikakata ya pili, laini zaidi lakini nyembamba, ya finishing, yaani kumalizia.

Ijumaa asubuhi nikailowesha ile ya kwanza kidogo tu. Speed ya chini, pedi imelala bapa, siegemei mashine. Miviringo ikaanza kufifia. Nikaingia na ya pili na polish nyepesi, na ule mlango mzee ukaanza kuonyesha mawingu.

Mzee Ouma akaja, akainama, akaangalia kwa upande. Akauvuta waya wa mashine mpaka kwenye Peugeot.

Nilifunga kingo zote kwa masking tape. Kila mara nilikuwa nasimama na kugusa rangi kwa mgongo wa mkono nisikie kama imepata moto. Nilisali njia nzima, kutoka boneti mpaka buti. Nilimaliza jioni.

Jumamosi Mwalimu akaja na suti yake. Jua lilikuwa limetoka. Akazunguka gari taratibu, akafika kwenye boneti, akajiona ndani. Akaona tai yake imekaa upande, akainyoosha palepale, akacheka kwa sauti.

"Ouma, ero kamano! Umenitoa aibu."

Mzee angeweza kuipokea ile shukrani na kunyamaza. Nani angebisha?

Akasema, "Si mimi, Mwalimu. Ni huyu wa viti."

Mwalimu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita fundi. Nililia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Jumatatu nikiwa kwenye cherehani, Mzee Ouma alikuja na kibao chake, akaketi mbele yangu. Akajiwekea vipande vitatu vya sponji kwenye mapaja, akafumba macho, akatoa kidole gumba.

"Haya, nionyeshe vile unabonyeza."

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, rangi ya pedi isikubabaishe, kila kampuni ina rangi zake. Nunua mbili, imara kwanza, laini ya mwisho, na ujaribu mahali pasipoonekana. Ibonyeze kabla hujalipa.

Wenye uzoefu mnirekebishe, sijui yote. Lakini wewe unayeshona viti huku masikio yako kwenye mashine ya jirani, comment yako ndiyo naingojea zaidi. Niulize chochote.