Namna nilioga chlore ya viatu siku ya kuenda kuposa kule Beni

Bakubwa wa huku jukwaani, asalam aleikum. Na benye habajibu salamu, bonjour.

Hii story inanionyesha mujinga, najua. Mucheke tu. Lakini kama ninaongeza chumvi hata kidogo, moto yangu izimike katikati ya mulima na client munene akiwa nyuma.

Mimi ni motard wa Butembo, nabeba watu na moto, pikipiki. Ilikuwa wakati ya corona. Kila barrière ya njia ni kunawa mikono, kuvaa cache-nez, ile barakoa, kupimwa homa na ile thermoflash banakuelekezea pa uso kama bunduki.

Sisi hatukushangaa. Ebola ilikuwa imetufundisha hiyo yote mbele ya dunia nzima. Tulikuwa tunaangalia bazungu kwa télé banajifunza kunawa mikono, tunasema eeh, batoto ba première primaire! Mimi mwenyewe niliishia primaire, mais kwa mambo ya chlore, ile dawa ya kuua vidudu, nilijiona professeur.

Hapo njo matatizo ilianzia.

Nilikuwa napenda Zaina, binti wa Beni. Baba yake ni Hadji, transporteur wa camions, malori kubwa kubwa. Mutu mukali. Wakati ya Ebola alizika dada yake, sababu watu walikuwa banasema ugonjwa hakuna, ni siasa tu, na dada akaamini. Tangu ile siku, kwake hauingie bila kunawa, hata uwe gouverneur.

Siku ya kuenda kuposa ikafika. Baba yangu mudogo Salumu, mwenye alipashwa kutusemea, akatangulia Beni. Mimi nikafuata asubuyi na moto.

Butembo asubuyi munaijua. Baridi inaingia mpaka kwa meno. Nikavaa costume mupya, suti ya bleu foncé. Juu yake nikatia jacket munene, sababu ile vumbi nyekundu ya njia ingenifikisha kwa bakwe kama tofali. Ndani ya casque ya moto, kofia ya sufu.

Sasa Beni si Butembo. Ukianza kushuka kule, jua inakupiga kama ulitukana mama yake. Lakini mimi nikakatala kufungua jacket. Costume kwanza! Nikafika barrière ya kuingia Beni nimeiva kama ndizi ndani ya majani.

Mama infirmière, muuguzi wa barrière, akanipima pa uso.

"Trente-huit na kitu. Petit, uko na homa."

"Mama, hapana homa! Naenda kuomba bibi!"

"Kwani anatoroka? Vua ile manguo, kaa kwa kivuli ya bâche, upoe. Nitakupima tena."

Nikaketi. Mara telephone: baba mudogo.

"We, uko wapi? Hadji anaangalia mulango tu. Ukichelewa atasema hatuna heshima, na mambo imekwisha!"

Nikawaza: wakinipima tena, homa ibakie, banirudishe Butembo, na Hadji asikie mukwe alifungiwa kwa barrière na ugonjwa... Zaina nitamuona tena kwa photo.

Ba motard banasemaka: ukimwanga maji ya baridi pa uso, thermoflash inadanganyika. Nikaangalia. Ndoo ya kunawa mikono ilikuwa na foleni. Pembeni kulikuwa ndoo ingine kubwa, hakuna mutu. Professeur akajisemea: chlore ni chlore.

Nikavua jacket na kofia. Nikachota gobelet, kikombe muzima. Kichwa, uso, shingo. Nikaongeza ingine, sababu ilikuwa inaburudisha, siwadanganye.

"WE KIJANA! Ile ni ya viatu!"

Bakubwa, ile ya kupulizia viatu ni kali sana kupita ya mikono. Macho ikawaka kama pilipili. Mama infirmière akanikamata shingo kama kuku, akanimwangia maji safi kwa macho mpaka nikaanza kuona watu tena. Wote banacheka, hata polisi.

Akanipima. Homa hakuna.

"Nilifanikiwa?" nikauliza.

"Ulifanikiwa nini? Homa ilikuwa ya jacket. Ungekaa tu kwa kivuli."

Nikapanda moto mbio. Sikujiangalia. Nikafika, baba mudogo akanipokea pa mulango, akashika kichwa.

"Mawe! Hii ni costume ao ramani ya Congo?"

Nikaangalia chini. Bleu foncé ilikuwa imekimbia. Madoa ya rangi ya chungwa, ingine nyeupe, mabega yote, kifua yote. Chui kamili.

Kuvaa ingine, sina. Kurudi, haiwezekane. Nikanawa pa mulango (ndoo ya mikono, niliuliza mara mbili), nikaingia.

Ndani ya lupango, uwanja wa nyumba ya Hadji, viti vilikuwa mbali mbali, watu kidogo, wote na cache-nez. Hakuna kupeana mikono, ni mukono pa kifua tu. Hadji akanusa hewa.

"Nani ameleta hôpital hapa?"

Baba mudogo, mwenye alikuya juu ya kutusemea vizuri, akaangalia mawingu.

Nikasimama, nikaeleza yote. Jacket, homa, ndoo. Bamama nyuma ya dirisha balianza kukohoa kwa kuzuia kucheka, Hadji akababadilikia: "Nani anakohoa kule?" Balikufa kabisa na kicheko.

Yeye hakucheka. Akatoa mufukoni thermoflash yake mwenyewe, ya tangu Ebola. Akanielekezea.

"Homa, hapana. Ujinga, mingi. Heureusement, bahati yetu, ile haiambukize. Keti."

Tukakula pilau, kila mutu na sahani yake. Lakini jibu hakutoa. Kwetu jibu ya posa haitokake siku ile ile. Nikarudi Butembo na chui yangu, roho juu juu.

Wakubwa, mafundisho ni hii. Banakuambia kaa kwa kivuli, kaa. Kipimo haidanganywe, ni weye unajidanganya. Cache-nez ni ya pua na mudomo, haiko ya kidevu. Na ukijiona professeur wa magonjwa, uliza kwanza ndoo ni ya nini.

Benye mulipita zile barrières, mutuambie yenu hapa chini, nisibaki mujinga peke yangu.

Jibu? Zaina alinipigia nyuma ya siku kidogo, anacheka mpaka hawezi kusema.

"Baba amekubali. Anasema bengine balikuya kuniomba, hata mikono habakunawa. Weye ulinawa mpaka costume."