Ukuta Haujapoa

Tsune ananitia hasira mpaka leo, na nampenda mpaka leo. Tulikuwa majirani tangu usichana wetu.

Alikuwa yaya wa Misao, mjukuu wa ukoo wa Kurusawa, waliotawala mji wetu mpaka serikali mpya ilipowavua madaraka. Ngome ikabomolewa, farasi wakauzwa, askari wao wa panga wakageuka wauza tofu, jibini ya soya. Ikabaki nyumba inayovuja na ghala la kuta nene za udongo. Humo zilikaa tunu za mababu: panga, vinyago vya ngoma, na makasha mawili ya maganda ya kombe yaliyochorwa kwa dhahabu. Kila ganda, nusu yake hukaa kasha hili na mwenzake kasha lile, wala halishikani na jingine. Bibi harusi wa Kurusawa hatoki kwao bila makasha hayo kutangulia.

Misao alichumbiwa na mtoto wa tajiri wa hariri. Tusidanganyane, tajiri aliyataka makasha yaingie kwake mchana, watu wakiona. Misao alimtaka kijana. Bi Mkubwa, bibi yake, alitaka kula ashibe kabla hajafa.

Ndipo moto ukazuka mtaa wa wahunzi, upepo ukauleta kwetu. Marehemu mume wa Tsune alikuwa fundi lipu wa ghala lile. Enzi zake, moto ukija, aliziba nyufa za mlango kwa udongo. Siku hiyo udongo haukuwapo. Tsune akapasua mapipa yote ya miso, lile rojo zito la soya la kuungia mchuzi, akaikandika mlangoni kwa mikono miwili.

"We Tsune, unapika au unajenga?" nikamfokea. "Kimbia, mwendawazimu!"

"Kimbia wewe, miguu ya kuku!"

Nyumba iliteketea. Ghala lilibaki limesimama, jeusi, linanuka mchuzi ulioungua. Tulilia kwa furaha.

Ila ghala lililotoka motoni halifunguliwi mpaka lipoe. Vitu vya ndani huwa vimekauka kwa joto, vinangoja upepo tu viwake. Mtaani kwetu kila mtoto anajua. Misao, aliyelelewa nyuma ya mapazia, hakujua.

Msimamizi wa nyumba, Bwana Hyodo, aliamuru lifunguliwe. Tsune akakaa mlangoni. "Nikanyage mgongo kwanza." Bi Mkubwa akamsihi. Huyo pia Tsune akamkatalia, huku amesujudu majivuni.

Zikaja habari kwamba wajumbe wa bwana harusi wako njiani, wanakuja kuona kama makasha yamepona. Misao akaja peku, akampigia magoti mtumishi wake.

"Yaya, wakikuta mlango umezibwa watasema ndani hamna kitu. Watamwoza mwingine. Nitakufa, Yaya."

"Ukuta haujapoa, mwanangu."

"Joto nitalivumilia. Nifungulie tu. Hujawahi kuninyima kitu."

Kweli, hakuwahi. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa, akakirudisha, kama mama anayetaka homa ya mtoto ishuke kwa kumgusagusa. Nami niliugusa. Ulikuwa na joto bado.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Umepoa," akasema, akiangalia pembeni.

Akabandua miso, akavuta mlango. Mwanzoni palikuwa na giza tu na harufu ya mbao kavu. Misao akacheka, akapiga makofi. Tsune akaingia, akatoka na kasha la kwanza. Alipogeuka kufuata la pili, ndani kote kukawaka kwa mkupuo mmoja. Tulimshika kiuno, nywele zake zinaungua, anatung'ata mikono tumwachie.

Wajumbe walifika, wakainama kwa adabu zote, wakalitazama kasha.

"Poleni sana," akasema mkubwa wao. "Lakini kasha moja, Bi Mkubwa, tutalifanyia nini?"

Hata chai hawakunywa.

Misao hakulia mbele yao. Alikuja kwangu, nilikomlaza Tsune, akaketi karibu na mkeka wake. Tsune akajikokota ili asujudu.

"Ulijua litawaka?" Misao akauliza.

"Nilijua."

"Mimi sikujua. Nilikuwa naomba tu, kama nilivyozoea kukuomba. Wewe ulijua, Yaya. Kwa nini ulinisikiliza?"

Tsune akanyoosha mkono kushika pindo la nguo yake. Misao akainuka, akaenda mlangoni, akavaa viatu kwa mikono yake mwenyewe, kitu ambacho Tsune hakuwahi kumwachia akifanye.